Kioo cha Pili Nyuma ya Ubao

Alinipigia asubuhi, hata chai sijanywa. "Redio," akasema, na siku hizi mtu wa kuniita Redio amebaki huyo mmoja tu, "programu ya mazishi nimeimaliza. Nyimbo, masomo, ratiba, historia ya marehemu, kila kitu kiko sawa. Imebaki nafasi moja. Njoo." Sikuuliza nafasi gani. Nilikaa kitandani na simu mkononi, mgongo unauma kama kawaida yake, nikawaza kwamba sina nguvu za safari, na hapohapo nikawa navaa viatu. Basi la Mbeya kwenda Kyela silipendi tena. Ukiteremka kutoka Tukuyu masikio yanaziba, baridi ya migomba na chai inabaki juu, halafu joto la bondeni linakuingia shingoni kama mtu anakupumulia. Zamani joto lile lilikuwa linaniambia nimefika nyumbani. Sasa linanichosha tu. Nikafumba macho, na mwaka ule ukaja wenyewe, sikuuita.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mbele kwenye nyumba ya Mzee Asyukile, nyuma ya soko la Kyela. Kushoto alikaa mnunuzi wa kakao, kulia fundi cherehani. Kwa hiyo mchana kutwa ulisikia cherehani upande mmoja, na upande wa pili ulinusa ile harufu ya kakao inayoanikwa, chachu kama pombe iliyosahaulika. Enzi zile kila mtu alikuwa anafungua kitu. Ruhusa zimetoka, soko huria, mtu aliyekuwa anauza maandazi jana leo ana duka la redio. Mimi na rafiki yangu Ipyana tukafungua ofisi ya kuchapa. Ipyana alikuwa mtoto wa Mzee, na mkewe Subilaga ndiye alikuwa mchapaji. Alijifunza kwenye taipureta, na vidole vyake vilikuwa vinakimbia hadi wateja wanasahau walichokuja kusema. Mimi nilikuwa fundi, nimejifundisha mwenyewe kwa kufungua vitu vya watu na kuomba Mungu virudi. Waliniita Redio kwa sababu nilikuwa sizimiki. Hasira nilikuwa nazo pia, na nilizihesabu kama sifa. Mvua za kwanza za mwaka ule zilipoanza Ipyana akaugua, na kabla hazijakata tukawa tumemzika kijijini kwao Ikolo. Habari za ugonjwa ule sizielezi. Nilimshika mkono siku ya mwisho, akaniambia, "Suba asitoke pale ofisini." Hakusema kingine cha maana. Nikamjibu, "Hatoki," kama vile mimi ndiye mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alikuwa Mzee, karani wa mahakama mstaafu, mtu wa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni katika joto la Kyela. Mdogo wake, ambaye sote tulimwita Baba Mdogo, alitaka kile chumba awe anawekea mpunga. Aliyasema hayo kabla hata matanga hayajaisha, tena wali wa msibani uko mdomoni. "Mwanamke amefiwa, arudi kwao Ndandalo apumzike. Mashine zile zinakula umeme tu." Nikamjibu mbele za watu kwamba yeye ndiye anayekula, na kwamba nimemhesabia sahani tatu. Kikao kikacheka. Nikajiona mshindi, kumbe nimempa sababu. Ukoo ukaamua kusubiri: mpunga ukishavunwa watakaa tena, waseme kama Subilaga anabaki au anaondoka. Nilikuwa na miezi kama minne ya kuifanya ofisi ile isimame kiasi cha kumfunga mtu mdomo.

Sasa kompyuta ilikuwa moja. Vioo vyake, yaani skrini, vilikuwa viwili, kikubwa cha kazi na kidogo cha akiba ambacho kilikuwa kinapiga mluzi mwembamba kila ukikiwasha. Mfumo wa mwanzo uliliwa na virusi kutoka kwenye diski za wateja, tukapoteza barua za wiki nzima. Aliyetuokoa ni Bwana Hatibu, mtu wa Tanga aliyehamishiwa idara ya maji, mpole, kanzu ya Ijumaa imepigwa pasi vizuri kuliko sare za polisi. Alikuja na sidii na kitabu chembamba cha Kiingereza. "Hii inaitwa Linux," akasema. "Ya bure. Virusi hivyo haivijui wala haviijui. Lakini bwana we, ina maswali. Kila kitu itakuuliza." Akaniwekea, tukanywa chai, na baada ya wiki chache akapata uhamisho mwingine akaondoka. Nikabaki na kitabu, kamusi ya shule iliyokatika mwanzo na mwisho, na mashine inayouliza maswali.

Halafu ikatokea ile ya orodha. Mwalimu mkuu mmoja, mtu wa kutoka mbali asiyejua lugha ya pale, alituletea majina ya watoto wa darasa la saba ya kupelekwa wilayani kwa ajili ya mtihani. Kazi ya kujivunia. Subilaga akachapa, mimi nikatoa karatasi, nikapeleka kwa baiskeli nikiimba. Kesho yake mwalimu akaingia ofisini na karatasi mkononi.

"Huyu namba nne hana jina?"

Nikatazama. Namba nne ilikuwa na nafasi tupu, halafu jina la baba.

"Amezaliwa, amesoma miaka saba, hajapewa jina?" mwalimu akasema. "Ningepeleka hivi mtoto angefika siku ya mtihani akaambiwa hayupo. Unaelewa? Hayupo!"

Nikampandishia. Nikamwambia mashine imeruka, nikamwambia mwandiko wake mwenyewe kama kuku kapita. Nilisema mengi. Subilaga alikuwa nyuma ya kioo chake, kichwa chini. Mwalimu alipotoka nikamgeukia, "Suba, imekuwaje?" Akanionyesha karatasi ya mwalimu, kidole chake kikiwa pembeni kidogo ya jina, bila kuligusa. Yule mtoto alikuwa anaitwa Asyukile.

Kwa asiyejua niseme tu. Kwetu, mwanamke aliyeolewa anamwogopa baba mkwe kwa heshima. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja, akimwona njiani anaingia porini mpaka mzee apite. Na jina lake halitaji, wala neno linalofanana nalo. Wengi mwaka ule walikuwa wameshaanza kuilegeza desturi hiyo, hasa mjini. Subilaga hakulegeza. Na jina lenyewe lilikuwa kazi, kwa sababu Asyukile maana yake amefufuka. Pasaka kanisani mwenzangu alikuwa anaimba ubeti mzima, akifika hapo anafunga mdomo, anaufungua mbele kidogo.

"Lakini kuandika si kutaja," nikamwambia.

"Gwe Redio. Vidole navyo vina mdomo."

"Si ungeniambia mimi niandike?"

"Ningekuambiaje? Andika nini?"

Nikaketi kwenye kibodi yake, nikalijaza jina mimi mwenyewe.

Habari ikafika Ikolo kabla ya jua kuzama. Baba Mdogo akasema si mliona, hawezi kazi. Mzee hakubisha wala hakukubali. Juma lililofuata akaja mjini na kisanduku cha mbao, miwani, rula, na kalamu nyekundu. Akasimama barabarani, hakuingia. "Gwamaka," akaniita kwa jina langu, yeye la Redio alikuwa halitumii, "niandalie pa kukaa. Kila karatasi itakayotoka hapa nitaisoma kwanza." Fundi seremala wa jirani akatupigia ubao mwembamba katikati ya chumba, toka ukutani hadi ukutani. Subilaga akabaki upande wenye mlango wa uani, Mzee upande wa barabarani, mimi nikawa natokea uchochoroni kwenda huku na huku. Mzee alisoma kama anatafuta mwizi. Anaweka rula chini ya mstari, anapumua, anasogeza. Hakuna koma iliyompita. Wateja wakaanza kutusifu. Ila kazi ilikufa kwa kutembea: Suba anachapa, natoa karatasi, naizungusha, Mzee anapiga nyekundu, nairudisha, anasahihisha, natoa nyingine. Wino ulikuwa unatoka Mbeya, ukiisha unasubiri basi. Karatasi moja ilizunguka mara tano mchana mmoja, mwisho ikawa imelowa jasho langu.

Chakula nacho kilizunguka hivyohivyo. Subilaga alikuwa anapika uani, ndizi za mbalaga na dagaa wa usipa, au wali na kipande cha samaki mbasa siku njema. Mimi nabeba sahani ya Mzee napita nayo uchochoroni. Mzee akimaliza ananiambia, "Mwambie mwenzako ndaga," ndiyo asante ya kwetu. Narudi, nasema, "Ndaga yako hii." Na yeye anasema, "Amemaliza mifupa?" Kama mifupa imesafishwa alifurahi. Walikuwa wanashinda hatua mbili tu, wanasikiana kikohozi, na mazungumzo yao yote yalipita kwenye mdomo wangu. Siku nyingine nilikuwa nachoka hata kabla ya kuamka.

Ndipo nikasoma kwenye kile kitabu cha Hatibu ukurasa niliokuwa nauruka. Kwamba kompyuta moja ikiwa na kadi mbili za picha inaweza kuendesha vioo viwili, na vioo vile vikawa kama meza moja ndefu, karatasi ikiisha huku inaendelea kule. Niliusoma mara tatu nikiwa nimesimama. Meza moja ndefu! Ubao ungepita juu ya meza, na meza isingejua. Suba achape upande wake, akimaliza aisukume karatasi kwa mausi iingie ukutani itokee kwa Mzee, asome kwenye kioo. Na yeye Mzee awe na kibodi yake. Hakuna wino, hakuna mimi.

Kadi ya pili nilimwagiza mama mmoja wa vitenge aliyekuwa anavuka mpaka kila wiki kwenda Karonga kwa ndugu zake. Akaniletea imefungwa kwenye kitenge kama mtoto, imetolewa kwenye kompyuta iliyokufa ya mpwa wake, na kibodi ya waya mwembamba juu yake. "Hiki kijibati ndiyo nini?" akauliza. Nikamwambia ni jicho. "La nani?" La mkwe, nikamjibu, akaondoka anacheka peke yake.

Nikaichomeka. Nikawasha. Kioo kidogo cha Mzee kikawaka, kikubwa cha Subilaga kikawa cheusi. Nikaitoa, kikubwa kikarudi. Siku nne nilidhani kadi zinagombana, mpaka nikagundua kwamba mashine ikiamka inachagua kadi moja ya kuanzia, na hii yetu ilikuwa imeambiwa ichague ngeni. Nikageuza. Sawa. Sasa ikabaki kuuambia mfumo kwamba kadi ni mbili, na kila moja inakaa wapi. Kuna faili refu unaliandika kwa mkono, kadi hii anwani yake hii, kioo hiki mwendo wake huu, kile kiko kulia kwa hiki. Kuna amri ya kuuliza anwani, nikaiuliza, ikajibu, nikanakili kwenye daftari herufi kwa herufi. Nikaandika kwenye faili. Nikawasha. Ikaniandikia kwa Kiingereza kwamba haikuona kioo hata kimoja.

Naomba ulielewe hilo. Nimekaa mbele ya kioo, nasoma kwenye kioo, kwamba kioo hakuna. Nikarudia, jibu lilelile. Mvua kubwa zikaja, maji yakajaa mashambani, barabara ya kwenda ziwani ikawa haipitiki, na mimi kila mchana wateja wakipungua naketi pale. Nilibadili kila kitu nilichokijua na nisichokijua. Kioo kidogo nilikipa mwendo kisiouweza kikapiga mluzi hadi fundi cherehani akagonga ukuta. Nje nilisikia watu wakiongea kwamba mpunga mwaka huu utawahi. Kila aliyesema hivyo nilimchukia.

Siku moja, baada ya kusoma jibu lile kwa mara ambayo sijui ni ya ngapi, nikapiga ngumi. Sikuupiga mtambo, nilijizuia. Nikapiga ubao.

Ubao ulikuwa umelowa unyevu wa masika, misumari imelegea. Ukaanguka wote, taratibu, kama mtu anayelala. Na pale walikuwa wawili, mmoja na mwiko wa ugali mkononi kwa sababu alikuwa ametoka jikoni kuniuliza kitu, mwingine na miwani yake na rula, wanatazamana uso kwa uso kwa mara ya kwanza tangu harusi. Subilaga akajitupa chini ya meza, akavuta kanga kichwani, mwiko ukabaki sakafuni. Mzee akageukia ukuta, akasimama na paji la uso limegusa chokaa, mikono nyuma, kama mtuhumiwa. "Inua," akasema. Sauti ndogo. "Gwamaka, inua." Niliuinua peke yangu, nikaegemeza mgongo wangu pale nikaushika mpaka Mzee alipokusanya kisanduku chake akatoka. Chini ya meza Subilaga alikuwa analia bila sauti, nilijua kwa kanga. Nikasema, "Suba, nisamehe." Akasema, "Ipyana alikuambia nisitoke hapa. Wewe ndiye unanitoa."

Maneno yale ninayo mpaka leo. Yamezeeka na mimi.

Mzee akakaa Ikolo wiki mbili. Baba Mdogo akapita nyumba kwa nyumba na habari ya ubao. Nilikwenda kwa miguu kwenye matope kumwomba Mzee radhi. Nilimkuta anaanika vitabu vyake vya zamani vilivyoingia unyevu, kimoja kimoja kwenye mkeka. Nilikuwa nimepanga hotuba. Nikasema tu, "Ugonile, tata," salamu ya kawaida kwa baba, na hotuba ikaishia hapo. Akaniangalia. "Redio imezimika?" akasema. Ndiyo mara pekee aliyolitumia jina lile. Kisha, "Rudi ukapigilie ubao. Misumari mirefu. Nakuja Jumatatu."

Jumatatu alikuja. Nilikuwa nimekaa upande wake na daftari langu, sina hata hasira tena, nimeishiwa. Mzee, kwa kuwa hawezi kuona maandishi akayaacha, akalivuta daftari akaliwekea rula.

"Hii ni nini?"

"Anwani, tata. Kadi ya kwanza, kadi ya pili."

"Ya kwanza nimeisoma, namba tupu. Hii ya pili mbona katikati ya namba kuna a? Umekosea kunakili?"

"Sikukosea. Mashine ndivyo ilivyoandika. Sifuri na a."

Akapumua, akasogeza rula. "Mahakamani," akasema, "tulikuwa na rejista moja nyembamba ya mkoloni, safu ina nafasi ya tarakimu moja tu. Kesi moja mpaka tisa. Ikija nyingine tunaandika A. Ikija nyingine B. Karani mgeni alidhani ni majina ya watu." Akaniangalia juu ya miwani. "Baada ya tisa huja nini?"

"Kumi."

"Basi. Faili lako hilo linataka herufi au linataka namba?"

Nilikimbia uchochoroni mpaka upande wa kibodi, Subilaga akanipisha akishangaa. Nikafuta a, nikaandika kumi, moja na sifuri. Mashine inahesabu kwa namna yake ikikuambia, na inataka namna yetu ukiiambia, na hakuna ukurasa niliousoma uliokuwa umesema hivyo kwa maneno ninayoyajua. Nikawasha. Kioo kikubwa kikawa kijivu chenye vidotidoti kama kitambaa cha suti. Nikasubiri ule mstari wa matusi. Haukuja. Nyuma ya ubao ukasikika mluzi mwembamba, na baadaye kidogo sauti ya Mzee, bila haraka:

"Huku kumekuwa kijivu. Ni vizuri au ni vibaya?"

Nikapiga kelele hadi mnunuzi wa kakao akaja na fimbo. Subilaga akashika mausi, akasogeza mshale kuelekea ubaoni. Ukafika mwisho wa kioo, ukaingia, ukapotea. Alivuta mkono kama ameungua.

"Mwambie mwenzako," akasema Mzee, "mshale wake uko kwangu."

Mpunga ukavunwa. Siku ya kikao iliangukia siku ileile ya orodha ya mwisho ya mwalimu mkuu, majina yote upya, safi, jioni iwe wilayani. Baba Mdogo alikuja asubuhi kumchukua kaka yake waende wote Ikolo. Akaketi kwenye kiti cha wateja upande wa Mzee, kofia gotini. "Kaka, twende. Yule mwanamke tumeshaamua moyoni. Mkwe na mkwe nyumba moja ya kazi, nani aliona? Mmoja atoke. Wewe ndiye mwenye nyumba." Alisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo. Mimi nilikuwa mlangoni mwa uchochoro, nikifika hatua mbili naona huku, hatua mbili naona kule. Mzee akasema, "Nina kazi. Subiri."

Karatasi ikatokea kwenye kioo, upande wa ubaoni. Kwanza ukingo wake, kisha nusu, kisha yote, Subilaga akiisukuma kwa mausi. Baba Mdogo akasogeza kiti. Sijui alichotarajia, lakini alisogeza. Mzee akaweka rula kwenye kioo, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye namba nne rula ikasimama.

Nafasi ilikuwa tupu.

Tulikuwa tumekubaliana mimi na Suba kwamba yeye aache, mimi nijaze. Nilikuwa niingie nijaze kabla hajaisukuma. Na mimi nilikuwa mlangoni nasikiliza maneno ya Baba Mdogo, ngumi imekunjwa.

"Si hiyo?" Baba Mdogo akasimama, kidole kwenye kioo. "Si hiyo! Ileile! Mtoto yuleyule! Miezi yote hii, mibao, mawaya, na bado hawezi kuandika jina moja!"

Nilifungua mdomo. Mzee akainua mkono upande wangu, bila kugeuka, nikaufunga. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Akaivuta ile kibodi ya Karonga karibu, ambayo tangu nimempa alikuwa hajaigusa zaidi ya kuifuta vumbi. Kwa kidole kimoja akaitafuta a. Akaiona. Kisha s, akiitafuta kama mtu anayechambua mchele. Kisha y. Herufi kwa herufi jina lake likaingia kwenye nafasi ile mpaka likajaa. Akalipimia rula. Halikuwa na kosa.

"Mwambie avute," akasema.

Sikuhitaji kumwambia. Karatasi ikaanza kurudi ubaoni, ikaisha. Nikarudi hatua mbili nyuma nikatazama upande wa pili. Subilaga alikuwa anaisoma. Ilipofika namba nne midomo yake ilijifunga kama kanisani. Halafu akainuka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye saruji, akiutazama ubao, viganja vimekutana, akainamisha kichwa. Upande ule hakukuwa na mtu wa kumwona ila mimi.

Upande wa pili nikamsikia Mzee akikusanya vitu vyake. "Kazi yake ni kuacha," alikuwa anamwambia mdogo wake. "Kazi yangu ni kujaza. Wewe kasoro umeiona wapi? Twende kwenye hicho kikao chako, nina wateja mchana."

Hakuna aliyemgusa Subilaga tena. Ofisi ile ameiendesha miaka yote, ubao ulibadilishwa mara mbili, mashine sikumbuki ngapi. Mimi niliondoka mwaka uliofuata, nikaenda kutafuta maisha Mbeya, nikayapata kiasi. Watu wakinisifu kwamba ni fundi huwa nanyamaza, maana najua siku nilipogota nani alinitoa, na kwamba aliyefanya kazi hasa mwaka ule ni watu wawili ambao hawakuwahi kusalimiana.

Nilifika Kyela mchana. Kakao ilikuwa inanuka vilevile. Subilaga alikuwa na mvi, amejifunga kitenge cheusi, hakunikumbatia, alinipa maji. Akanielekeza kiti kile cha upande wa barabarani, ambacho hakuna aliyekikalia tangu Mzee alipoanza kuugua. Kisha akazunguka kwake, na kutoka ubaoni ikatokea karatasi. Msalaba juu, picha ya shati jeupe lililofungwa mpaka shingoni, chini yake maneno ya kumuaga baba yetu mpendwa Mzee, na baada ya hapo nafasi tupu.

Nimechapa kwa vidole kumi maisha yangu yote ya kazi. Nikavuta kibodi karibu, nikanyoosha kidole kimoja, nikaanza kuitafuta a.